Nazi ya Kaloleni, Chumvi ya Gongoni

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa huijua Mariakani kwa msururu wa malori yanayongoja kupimwa uzito. Hufika hapo akiwa amechoka, huchungulia dirishani mara moja, kisha hurudia usingizi wake hadi mwisho wa safari. Leo, mpenzi msomaji, twakuomba uteremke. Upande wa kushoto kuna barabara iendayo Kaloleni, na kutoka Kaloleni njia huteremka hadi Mavueni, karibu na Kilifi. Ukiifuata, halafu uambae na pwani hadi Malindi na kuvuka Sabaki kuelekea Gongoni, utakuwa umepita katika nchi ya vitu viwili visivyokosekana katika jikoni nyingi za Kenya: nazi na chumvi.

Safari hii ina sababu. Kuna neno lililoenea sana mijini siku hizi. Mama aliyezidiwa na kazi, karo za watoto na kodi ya nyumba, ambaye kila asubuhi huamka akiwa amechoka kuliko alivyolala, huambiwa na wenzake kwamba msongo wa mawazo umeilegeza tezi yake ya thairoidi. Dawa, huambiwa, ni mafuta ya nazi: vijiko viwili au vitatu vikubwa kila siku. Wako wanaoyanywa kabla ya chai na wako wanaoyatia ndani ya kahawa na kuacha kula hadi mchana. Baya zaidi, wako wanaoweka kando vidonge walivyopewa hospitalini kwa sababu wameambiwa kuwa mnazi unatosha.

Je, neno hili ni la kweli? Twende tukaulize kule minazi iliko.

Katika nchi ya minazi

Ukishaiacha Mariakani, nchi huanza kubadilika. Vichaka vikavu huachia nafasi vilima vya kijani, na juu ya vilima husimama minazi, mmoja mmoja kwanza, kisha makundi kwa makundi. Hii ni nchi ya Wagiriama na jirani zao Warabai, na hapa mnazi ni kama mtu wa nyumbani. Majani yake husukwa makuti ya kuezekea. Makumbi yake hutoa kamba. Kifuu huwa kata ya kuchotea maji au kuni za jikoni. Utomvu wake hugemwa asubuhi na jioni, ukawa tembo ambalo wengi huliita mnazi vilevile.

Mtoto wa huku hakui na neno moja tu la tunda hili. Hujua kidaka, kisha kitale, kisha dafu ambalo maji yake hukata kiu ya mchana, kisha koroma, na mwisho nazi yenyewe iliyokomaa. Nyama ya nazi ikikaushwa juani huitwa mbata, na mbata hiyo ndiyo hukamuliwa mafuta viwandani. Nyumbani kazi huwa ya mikono. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha zikakamuliwa tui, na tui zito likachemshwa polepole hadi maji yaishe na mafuta yaelee juu, safi, yakinukia mji mzima.

Sasa, muulize mama wa Kaloleni mafuta hayo ni ya nini. Huenda akakutazama na kucheka: "Mwanangu, ni ya nywele, ni ya ngozi, ni ya kumkanda mtoto." Na chakula je? Chakula ni tui. Tui ndilo huingia katika wali, maharagwe, mbaazi, mchicha, samaki na muhogo. Kwa desturi, nazi huliwa ndani ya mlo, pamoja na mboga na kitoweo. Kumeza mafuta matupu kwa kijiko ni jambo geni hapa.

Kipepeo wa shingoni

Kabla hatujaendelea, tuitazame tezi yenyewe. Weka kidole kwenye kikoromeo, pale panapopanda na kushuka umezapo mate. Chini kidogo ya hapo ndipo thairoidi ilipo. Ina umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Lakini kadogo si haba. Homoni zake ndizo huuambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kiungue upesi kiasi gani, joto la mwili liwe vipi, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue.

Homoni yake kuu huitwa thairoksini, na kila molekuli moja ya thairoksini hubeba atomu 4 za madini ya iodini. Kama vile hupiki ugali pasipo unga, tezi hii haitengenezi homoni pasipo iodini. Ikikosa, hutanuka ikijaribu kunasa kile kidogo kinachopita katika damu. Huko kutanuka ndiko tunakokuita rovu, au goita.

Na mafuta ya nazi? Hayana iodini ya kuifaa tezi. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka.

Wanaoyasifu hutoa hoja nyingine. Husema kwamba sehemu ya mafuta ya nazi ni ya aina fupi, inayoungua upesi mwilini na kuutia joto, kwa hiyo eti huiamsha thairoidi. Kuna chembe ya ukweli hapo, kwani mafuta mafupi yaliyotengwa kiwandani huongeza kidogo tu kasi ya mwili. Lakini karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo sehemu kubwa yake husagwa mwilini kama mafuta ya kawaida. Kuupasha mwili joto kidogo, tena, si kuiponya tezi. Hakuna utafiti wa kutegemewa uliothibitisha kuwa mafuta haya huponya thairoidi iliyolegea.

Tena yana gharama yake. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya jamii moja na siagi na samli, yale yanayoganda baridi ikizidi, nayo hupandisha kolesteroli katika damu. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, hivyo vijiko vitatu ni kalori 360, kama mlo mdogo usio na mboga wala kitoweo. Mwaka wa 2017, Shirika la Moyo la Marekani liliwashauri watu wasiyategemee mafuta haya.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnazi wetu umesifiwa mpaka umetwishwa kazi isiyo yake. Tui katika maharagwe ni chakula kizuri na kitamu. Balaa huanza tunapoligeuza kuwa daktari.

Kilifi: uchovu na msongo wa mawazo

Kutoka Kaloleni njia hukufikisha Mavueni, na punde si punde unaiona hori ya Kilifi, maji ya samawati yaliyoingia ndani ya nchi. Waliosafiri zamani wanakumbuka foleni ya kivuko. Daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991 lilimaliza kero hiyo. Ukisimama karibu na hori hiyo jioni, upepo ukivuma, ndipo utakapojua kwa nini watu wa mjini hulipa nauli ya mbali kuja kupumzika.

Msongo wa mawazo kweli huigusa thairoidi. Mtu akikaa katika dhiki kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli ikizidi, hupunguza amri itokayo ubongoni kwenda kwa thairoidi, na hupunguza pia ugeuzaji wa thairoksini kuwa homoni yenye nguvu zaidi inayofahamika kama T3. Kujinyima chakula kwa siku kadhaa nako huishusha T3, maana mwili hudhani kuna njaa na kuanza kubana matumizi.

Basi tazama kinyume kilichopo hapa. Yule aliyechoka, anayekunywa kahawa yenye mafuta na kuacha kula, anauongezea mwili dhiki akidhani anauponya. Mwili wenye msongo unahitaji usingizi, mlo wa wakati wake, kutembea kidogo na mtu wa kuzungumza naye.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Dalili za thairoidi iliyolegea ni uchovu, kuhisi baridi wengine wakihisi joto, kuongeza uzito, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, kusahau na moyo wa huzuni. Nyingi kati ya hizo ndizo dalili za msongo wenyewe, au za upungufu wa damu. Thairoidi iliyozidi kasi nayo huleta mikono inayotetemeka, moyo unaokwenda mbio, kukonda na kukosa usingizi, na mtu akadhani ni wasiwasi tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kipimo cha damu kiitwacho TSH ndicho hutoa jibu. Mtu anayejitibu kwa kijiko miezi sita huenda anaiacha nafasi ya kutibiwa mapema impite.

Aidha, pale chumvi yenye iodini ilipoenea, sababu kubwa ya thairoidi kulegea ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka wa 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, na ukabeba jina lake. Hakuna chakula kinachouponya. Tezi ikishindwa, mgonjwa hupewa vidonge vya thairoksini, vilevile ambavyo baadhi ya watu huviacha kwa ajili ya mafuta ya nazi.

Usiondoke Kilifi kabla hujapita sokoni kwa wauza samaki. Changu, tafi, kolekole na nguru hawa wamebeba iodini katika nyama yao, kwa sababu viumbe wa bahari huikusanya kidogo kidogo kutoka majini. Samaki wa maji baridi, kama ngege na mbuta, kwa kawaida huwa nayo kidogo kuliko hawa. Mayai na maziwa pia huchangia.

Muhogo wa njiani

Kutoka Kilifi barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke na magofu ya Gede, hadi Malindi. Kotekote katika pwani hii muhogo hauna msimu wa kukosekana. Huuzwa wa kuchoma, ukapasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu. Huuzwa mbichi kwa mafungu, na nyumbani huungwa kwa nazi.

Huenda umesikia kuwa muhogo ni adui wa thairoidi. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kunasa iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho katika Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti waliofanya kazi huko kuanzia miaka ya 1960 walikuta sehemu moja ya kisiwa imejaa rovu kuliko nyingine, ingawa iodini ilikuwa haba kote. Tofauti waliihusisha na wingi wa muhogo ulioliwa.

Lakini angalia neno hilo: iodini ilikuwa haba. Muhogo huonyesha ukali wake pale iodini isipotosha. Hapa pwani muhogo humenywa, hulowekwa ukiwa mchungu, huchemshwa vizuri, na mara nyingi huliwa na samaki. Ni hivyo hivyo kwa kabeji na sukuma wiki, zinazosingiziwa makosa hayohayo. Zikipikwa, na chumvi ya nyumbani ikiwa na iodini, mtu mwenye afya hana haja ya kuziogopa. Usiinyime familia yako sukuma wiki kwa hofu ya rovu.

Malundo meupe ya Gongoni

Ukivuka daraja la Sabaki, maji yakiwa ya rangi ya udongo uliosombwa kutoka bara, nchi hukauka tena. Unapita Mambrui, mji wa kale wa Waislamu. Halafu mbele yako, upande wa bahari, hutokea vitu vinavyomfanya mgeni asugue macho: malundo meupe yanayong'aa juani, marefu kama nyumba. Umefika Gongoni. Kuanzia hapa hadi Marereni ndiko inakotengenezwa sehemu kubwa ya chumvi ya kupikia ya Kenya.

Kazi yake ni ya bahari, jua na upepo. Maji ya bamvua huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina. Jua huyakausha, yakapitishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kukolea, hadi chumvi iwe fuwele chini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvichumvi kiasi cha gramu 35, kwa hiyo kilo moja huhitaji zaidi ya lita 30 za maji. Kisha huzolewa, huoshwa, hukaushwa na kusagwa.

Hapa ndipo penye fumbo ambalo wengi hawalijui. Chumvi hii iliyotoka baharini, ikiwa bado bwawani, karibu haina iodini. Bahari ina iodini kidogo mno kwa kila lita, na nyingi ya hiyo kidogo haibaki katika chumvi ikikauka. Samaki na mwani huikusanya, lakini chumvi haina uwezo huo. Ndiyo maana Mfaransa Bernard Courtois, aliyeigundua iodini mwaka wa 1811, aliipata katika jivu la mwani. Anayechota chumvi bwawani na kwenda kupikia, hata kama nyumba yake i hatua chache kutoka baharini, anapika kwa chumvi isiyo na kinga.

Kinga hutiwa kiwandani. Chumvi hunyunyiziwa maji yenye potasiamu iodeti, kidogo sana, isiyobadilisha rangi wala ladha. Nchi ya kwanza kueneza chumvi ya namna hii ilikuwa Uswisi, nchi ya milima, mwaka wa 1922. Milima ndiyo huumia zaidi, kwa sababu mvua ya karne nyingi huiosha iodini kutoka udongoni ikaishia baharini. Nyanda zetu za juu zilikuwa na msiba huohuo, na wazee wa bara wanawakumbuka watu waliobeba rovu kubwa shingoni. Mwaka wa 1978 sheria ya Kenya ililazimisha chumvi ya kula itiwe iodini. Tangu hapo, pakiti ndogo kutoka pwani hii imekuwa ikipanda milima kuwalinda watu ambao hawajawahi kuiona bahari.

Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku. Shirika la Afya Duniani hushauri mama mjamzito au anayenyonyesha apate 250. Chumvi ikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kilo, gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, hutoa zile 150. Na kijiko hicho kimoja ndicho kiasi ambacho mtu mzima hashauriwi kukizidisha kwa siku, kwa ajili ya shinikizo la damu. Iodini haiwi sababu ya kujaza chumvi katika chakula.

Anayelipia zaidi kosa la chumvi ni asiyeweza kusema. Mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, hutegemea thairoksini ya mama yake kwa ukuaji wa ubongo. Upungufu mkubwa humzaa akiwa na akili iliyodumaa, na hakuna shule wala kijiko cha mafuta kitakachorudisha alichopoteza.

Ukirudi jikoni kwako

Haya, msomaji, umerudi mjini na nazi zako za Kaloleni kikapuni. Zipike. Tia tui katika kunde, wali na samaki kwa furaha, bila kuzigeuza dozi. Kisha uiangalie chumvi yako. Geuza pakiti usome kama imeandikwa kuwa ina iodini. Ile chumvi ya waridi ya bei ghali, ichimbwayo Pakistani na kupangwa vizuri madukani, kwa kawaida haikutiwa iodini. Magadi ya kulainishia githeri si badala ya chumvi hii. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Usikimbilie pia vidonge vya mwani au matone ya iodini bila kuambiwa na daktari. Iodini ikizidi huweza kuivuruga tezi kama ilivyo ikipungua, hasa kwa mwenye ugonjwa wa Hashimoto.

Ukichoka wiki baada ya wiki, shingo ikivimba, au moyo ukienda mbio bila sababu, nenda hospitali ukaulizie kipimo cha thairoidi. Mama mjamzito aliyewahi kuugua tezi hii aseme siku ya kwanza ya kliniki. Na uliyepewa thairoksini, imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji, angalau nusu saa kabla ya chai au kahawa. Dawa za kuongeza damu na za kalsiamu zikae mbali nayo kwa saa 4. Usiiache kwa neno la jirani, hata akiwa jirani mwema.

Mnazi umetupa makuti, kamba, dafu, tui na kivuli. Hautudai sifa zaidi ya hizo. Kazi ya kuilinda thairoidi tuiachie ile pakiti ya chumvi kutoka Gongoni, samaki wa Kilifi, usingizi wa kutosha na daktari mwenye kipimo mkononi.